Kelele za Kompyuta Darasani: Joto, Upepo na Haki ya Kusikia

Mwalimu yeyote aliyefundisha katika chuo cha pwani ya kusini, iwe Kilwa Masoko au Lindi mjini, katika miezi ya joto kali, anaufahamu mngurumo wa kompyuta mpakato yenye nguvu inapoanza kazi nzito. Kwanza husikika mvumo mwembamba. Baada ya dakika chache mvumo huo huwa upepo wa kishindo, na wanafunzi wa viti vya jirani huanza kuinamisha vichwa ili wapate kumsikia mwalimu. Wako walimu wanaotaka mashine za namna hiyo zipigwe marufuku darasani. Wako wanafunzi wanaodai kwamba bila mashine hizo hawawezi kufanya kazi waliyokuja kuisomea. Pande zote mbili zina sehemu ya haki. Hata hivyo, mabishano haya hayatafika mwisho maadamu hakuna anayelipima jambo lenyewe, kwani kelele na joto ni vitu vinavyopimika, na kipimo ndicho msingi wa sayansi.

Madhumuni ya makala hii ni kulieleza suala hili kwa lugha nyepesi, na kutetea rai moja: kwamba kelele za kompyuta darasani si kosa la mwanafunzi wala si sababu ya kuikimbia teknolojia, bali ni matokeo ya kununua mashine na kujenga madarasa bila kuzingatia hali ya hewa ya mahali na haki ya msikilizaji.

KWA NINI MASHINE YENYE NGUVU HUNGURUMA

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Kompyuta ni kinyume cha debe: huvuma kwa sababu imejaa kazi. Umeme wote unaoingia katika mashine hiyo hatimaye hugeuka kuwa joto. Kompyuta ndogo ya kuandikia barua hutumia kiasi cha wati 10 hadi 20. Ile yenye nguvu, inayochora majengo au kuchambua picha za setilaiti, huweza kutumia wati 150 na zaidi. Mwili wa binadamu aliyeketi kimya hutoa joto la wati 100 hivi. Kwa hiyo mashine moja ya namna hiyo ni sawa na kuongeza mtu mmoja na nusu darasani. Tofauti ni kwamba joto la mtu hutokea mwili mzima, ilhali joto la mashine halina budi kutokea katika matundu membamba yasiyozidi upana wa vidole viwili.

Kazi ya kulitoa joto hilo imekabidhiwa feni ndogo. Ni hapa ndipo kanuni za mwendo wa hewa zinapotuhukumu. Feni ikiongezewa kasi mara mbili, upepo wake huongezeka mara mbili tu, lakini umeme inaoutumia huongezeka mara nane, na kelele zake huongezeka kwa desibeli 15 hivi. Desibeli si kipimo cha kujumlishwa kama kilo za mchele. Sikio la kawaida huhesabu ongezeko la desibeli 10 kuwa sauti imekuwa kubwa maradufu, na ongezeko la 15 kuwa imekaribia kuwa kubwa mara tatu. Ndiyo kusema faida ndogo ya upepo hulipiwa gharama kubwa ya kelele, na feni ndogo iliyobanwa katika nafasi nyembamba hulipa gharama hiyo kuliko feni kubwa inayozunguka taratibu. Pangaboi la darini huhamisha hewa nyingi kupita feni ya kompyuta, lakini mtu huweza kulala chini yake.

LINDI SI ULAYA

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo, kwa kuwa jambo hili halitajwi katika matangazo ya biashara. Mtu anaponunua kompyuta husoma habari zake kutoka kwa watu walioipima katika vyumba vya nchi za baridi. Mimi nilisoma shahada yangu ya uzamivu katika nchi ya namna hiyo, ambako wakati wa kipupwe joto la kompyuta lilikuwa msaada kwa mwenye chumba. Lakini feni haiondoi joto kwa nguvu zake peke yake. Huliondoa kwa kutumia tofauti iliyopo kati ya joto la chuma cha ndani na joto la hewa ya nje. Tofauti ikipungua, feni haina njia ila kukimbia zaidi.

Tuchukue mfano. Tuseme mapezi ya chuma yanayopoza mashine yanatakiwa yabaki katika nyuzi 60 za Selsiasi. Katika chumba chenye nyuzi 20, tofauti ni 40. Katika darasa la Lindi lililoezekwa bati, mchana wenye nyuzi 32, tofauti ni 28 tu. Ili kutoa joto lile lile, hewa inayopita haina budi kuongezeka kwa uwiano wa 40 kwa 28, yaani mara 1.4 hivi. Feni nayo huongeza kasi kwa kiasi hicho, na kelele zake huzidi kwa takriban desibeli 8. Haya ni makadirio, kwa kuwa kila mashine ina umbo lake, lakini yanatosha kuonyesha ukweli ulio muhimu: mashine iliyosifiwa kwa utulivu kule ilikopimwa, huweza kuwa na kelele karibu maradufu ikifika kwetu, bila ya kuharibika chochote.

Kwa pwani yetu kuna mambo mengine mawili. La kwanza ni vumbi na hewa ya chumvi. Vumbi huziba mapezi, na hewa ya bahari yenye unyevu hulishikamanisha vumbi hilo na kula metali taratibu. La pili ni majengo yenyewe. Wazee waliojenga Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, miji iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zao zikawa nene, na joto la mchana likachelewa kupenya. Sisi tumerithi pwani ile ile, lakini darasa letu la kawaida lina ukuta mwembamba wa matofali ya saruji, bati juu, na mara nyingi halina dari. Bati huteremsha joto kichwani mwa mwanafunzi wakati wa jua, na wakati wa mvua huzima sauti ya mwalimu kabisa.

NANI HASA ANAYEUMIA

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, lilipendekeza kwamba kelele za darasani wakati wa somo zisizidi desibeli 35, na mwangwi usidumu zaidi ya sekunde 0.6. Wataalamu wa usikivu nao hupendekeza sauti ya mwalimu izidi kelele za chumba kwa desibeli 15 hivi, ili msikilizaji afahamu bila kujichosha.

Sasa tupige hesabu. Mtu anayezungumza kwa sauti ya kawaida hutoa desibeli 60 akisikilizwa kutoka umbali wa mita moja. Sauti hiyo hupungua kadiri inavyosafiri, na ikifika viti vya nyuma huweza kuwa imeshuka hadi kukaribia 50. Kompyuta yenye nguvu, feni zake zikiwa katika kasi ya juu, hufikisha desibeli 45 hadi 50, na nyingine huzidi hapo, mahali alipoketi mwenye nayo. Mwanafunzi aliyeketi nyuma kando ya mashine hiyo anapokea sauti ya mwalimu na kelele za feni zikiwa karibu sawa. Zile desibeli 15 anazozihitaji zimekwisha. Mashine hiyo hiyo ikiwekwa mbele, juu ya meza ya mwalimu, haimletei yule wa nyuma madhara makubwa kiasi hicho, kwa sababu kelele zake nazo hupungua zikisafiri. Kwa hiyo swali la mahali mashine ilipo lina uzito sawa na swali la aina ya mashine.

Tena kelele hukusanyika. Mashine mbili zilizo sawa huongeza desibeli 3 juu ya kelele za moja. Mashine kumi huongeza 10. Maabara yenye kompyuta kumi, kila moja ikivuma kwa desibeli 40, itakaribia desibeli 50, na hakuna mwenye mashine atakayekubali kwamba yeye ndiye mkosaji.

Yako mengine yanayopaswa kusemwa kuhusu lugha. Kijana wa Kilwa au Lindi amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na kuanzia sekondari hadi chuo anafundishwa kwa Kiingereza. Uchunguzi wa miaka mingi katika nchi mbalimbali umethibitisha kwamba anayesikiliza lugha isiyo yake huathiriwa na kelele kuliko mwenye lugha, hata kama katika ukimya wote wawili wanafahamu sawa. Sababu yake si fumbo. Msikilizaji wa lugha yake hujaza pengo la neno lililopotea kwa kubahatisha vizuri. Mgeni wa lugha hana akiba hiyo. Isitoshe, silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na irabu ni sauti yenye nguvu. Maneno mengi ya Kiingereza huishia kwa konsonanti hafifu kama t, k, f na s, na mvumo wa feni ni hodari wa kuzifunika sauti hizo. Kwa hivyo desibeli zile zile zinamwondolea mwanafunzi wetu elimu nyingi zaidi kuliko zinavyomwondolea mwenzake wa Ulaya. Hii ndiyo sababu ninayoiita haki ya kusikia kuwa ni suala la usawa na si la starehe.

JE, TUZIPIGE MARUFUKU?

Jibu langu ni hapana. Pwani ya Lindi haiwezi kujadiliwa kana kwamba haina haja ya kompyuta zenye nguvu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Kutafuta gesi ya namna hiyo chini ya bahari ni kazi ya kuchambua takwimu nyingi mno za mitetemo ya ardhi. Mifupa ya dinosaria ilichimbwa na Wajerumani katika kilima cha Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi na kupelekwa Berlin. Leo mifupa ya aina hiyo huchunguzwa kwa picha zenye pande tatu ambazo kompyuta dhaifu haiwezi kuzifungua. Magofu ya Kilwa Kisiwani nayo yamekwisha kupimwa kwa miali ya leza na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Ikiwa vijana wa Kilwa hawatakuwa na mashine za kuisoma ardhi, mikoko na magofu yao, wataendelea kusomewa na wengine.

Zaidi ya hayo, taifa letu limekwisha kuionja njia ya marufuku. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na zuio hilo lilikuja kulegezwa taratibu katika miaka iliyofuata. Sababu za wakati ule zilikuwa na uzito, kwani fedha za kigeni zilikuwa haba na mafanikio ya mashine zilizonunuliwa hayakulingana na gharama. Lakini tatizo la mashine isiyofaa mahali ilipowekwa haliondoki kwa kuizuia mashine. Huondoka kwa kujifunza kuichagua na kuiweka. Marufuku huondoa kelele na pia huondoa ujuzi.

Wapo watakaosema kwamba nchi yenye uhaba wa vitabu na umeme wa kukatika haina nafasi ya kuhangaika na desibeli. Ningewajibu kwamba uhaba ndio unaolikuza suala hili. Pale ambapo kila mwanafunzi ana mashine yake tulivu, kelele ni jambo dogo. Pale ambapo mashine moja inatumiwa na wachache na inasikiwa na darasa la watu themanini, hasara ya wengi inalipia faida ya wachache. Wengine watapendekeza viyoyozi. Kiyoyozi nacho kina feni, nacho kinavuma, hutumia umeme mwingi kuliko kompyuta kadhaa, na hulazimisha madirisha kufungwa katika chumba kilichojaa watu.

YANAYOWEZA KUFANYWA

Kwanza, mwenye mashine aipunguzie mwendo. Umeme unaotumiwa na kichakato cha kompyuta hupanda haraka kuliko kasi yake, kwa sababu kasi ya juu hudai volti ya juu, na umeme huongezeka kwa kipeo cha pili cha volti hiyo. Kwa kukadiria, ukipunguza kasi kwa sehemu moja ya tano, joto hupungua kwa karibu nusu. Kazi ya dakika 10 itachukua dakika 12 na nusu, lakini feni itaweza kuzunguka kwa karibu nusu ya mwendo wake, na kelele kushuka kwa desibeli 15 hivi. Mpangilio huu umo ndani ya mashine nyingi na haugharimu hata senti. Kila chuo kingeweza kuweka kanuni kwamba wakati wa somo mashine zote ziwe katika mpangilio wa mwendo mdogo, na kazi nzito zingoje baada ya kipindi.

Pili, mashine itunzwe. Iwekwe juu ya meza ngumu, kamwe isiwekwe juu ya nguo au mto. Inyanyuliwe nyuma kwa vipande viwili vya mti ili hewa ipite chini. Ifunguliwe na fundi na kupigwa brashi, pengine mara mbili kwa mwaka kwa mazingira yetu ya vumbi na chumvi. Kazi hii ingefaa kuwa zoezi la wanafunzi wa ufundi.

Tatu, kazi kubwa itengwe na darasa. Katika nyumba za pwani hatupiki sebuleni. Jiko lina mahali pake uani, na chakula huletwa mezani. Kompyuta kubwa za zamani ziliwekwa katika chumba chao, na watumiaji wakaketi mbali nazo. Mtindo huo unafaa hata leo: mashine moja au mbili zenye nguvu zikae katika chumba chenye hewa, ziunganishwe na darasa kwa waya, na mwanafunzi aziamrishe kutoka kompyuta ndogo isiyo na kelele. Nasisitiza kwamba mashine hizo ziwe ndani ya chuo. Mwezi Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko yaliyoikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam katika Wilaya ya Kilwa, na siku chache baadaye, tarehe 12, hitilafu ya nyaya za baharini iliathiri intaneti nchini kote. Chuo kilichotegemea kompyuta za mbali peke yake kingekuwa kimekwama.

Nne, darasa lenyewe litengenezwe. Dari chini ya bati hupunguza joto la jua na kishindo cha mvua kwa pamoja. Madirisha yakabiliane ili upepo wa kusi na wa kaskazi upite. Kuhusu mwangwi, pwani yetu ina usumba wa nazi, ambao hunyonya sauti ukipangwa kwa unene wa kutosha, na mikeka ya ukindu ya kuufunika. Mkeka mwembamba uliobandikwa ukutani hautasaidia sana. Ukitanguliwa na tabaka la usumba na nafasi ya hewa nyuma yake, matokeo yatakuwa mengine. Wanafunzi wa fizikia wangeweza kulichunguza jambo hili kwa makofi, saa na simu ya mkononi, na kuandika matokeo yao.

Tano, wanunuzi wa vifaa vya umma waulize swali wasilozoea kuuliza. Zabuni zetu hutaja ukubwa wa kumbukumbu, kasi na bei. Zitaje pia desibeli. Kuna viwango vya kimataifa, ISO 7779 na ISO 9296, vya kupima na kutangaza kelele za mashine za ofisi, na mtengenezaji makini anazo takwimu hizo. Kwa vyuo vya pwani tuongeze sharti moja: muuzaji aiendeshe mashine kwa kazi nzito kwa nusu saa, mchana, katika darasa litakalotumika, mbele ya mwalimu na mwanafunzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinapanuka hadi mkoani Lindi kupitia mradi wa HEET ulioanza mwaka 2021. Kabla madarasa mapya hayajajazwa vifaa, ndipo wakati mwafaka wa kuweka desturi hii; vifaa vikishanunuliwa, kilichobaki ni kuvumilia.

Jambo hili halihitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka nje. Linahitaji mwalimu mmoja katika kila chuo achukue kipimo cha sauti, hata kile kilichomo katika simu, akae kiti cha nyuma kabisa wakati mwenzake anafundisha, na aandike tarakimu anazoziona, mashine zikiwa zimezimwa na zikiwa zimewashwa. Simu haitampa kipimo kamili, lakini tofauti kati ya tarakimu hizo mbili itamweleza mkuu wa chuo mambo ambayo malalamiko ya mwaka mzima hayakuweza kuyaeleza.